Tumbo la Baba Ema

Mara tatu kwa wiki, Oktavia huacha viazi vyake sokoni Makambako na kumsindikiza mumewe Njombe. Figo za Timoth zimechoka. Mashine ya hospitali humsafisha damu.

Asubuhi moja Oktavia aliona damu chooni.

"Baba Ema, hii damu ni yako?"

"Ni dawa ya mashine, ile inayozuia damu isigande."

"Nesi ndiye aliyekwambia?"

"Nimefikiri mwenyewe."

"Umefikiri! Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mahindi."

"Mavuno! Mwanaume, kumbe nimeolewa na gogo!"

Alimvuta hadi kwa daktari. Vipimo vilionyesha saratani ya utumbo mpana. Bahati nzuri, ilikuwa haijasambaa.

"Lakini mtu wa mashine anapasuliwa kweli?" Oktavia aliuliza.

"Anapasuliwa," alijibu Daktari Janeth. "Hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine. Huvuja damu zaidi, na vidonda huchelewa kupona. Kwa hiyo tutatoboa matundu madogo, tuingize kamera na vifaa vyembamba. Kipande kibovu kitatoka kwa mkato mfupi. Ila siku moja kabla, lazima asafishwe damu."

Siku hiyo ilipofika, wakiwa mlangoni kuondoka, Polikarpo, kaka yake Timoth, alitokea na galoni la ulanzi, pombe ya mianzi.

"Kesho anakatwa, na leo mnakwenda kumnyonya damu?" Polikarpo alifoka. "Akae. Anywe, apate nguvu."

Timoth akaketi. Akapokea kikombe!

Oktavia alikinyakua. Akampigia simu nesi Rejoice, akaweka sauti kubwa.

"Mashine hainyonyi damu, baba," nesi alisema. "Inaisafisha na kuirudisha. Inatoa maji na chumvi zilizozidi. Zikibaki, moyo unaweza kusimama akiwa kwenye usingizi wa dawa. Na huo ulanzi unamwongezea maji yaleyale. Asipokuja leo, kesho hapasuliwi."

Polikarpo alikohoa. "Sasa ulanzi wangu?"

"Kunywa wewe, shemeji. Figo zako nzima!"

Timoth alikwenda kusafishwa damu, na upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake Timoth alitembea wodini. Polikarpo alikagua tumbo, akakunja uso.

"Viplasta tu? Hawa wamekata kweli?"

"Ulitaka wamfungue kama gunia?" Oktavia aliuliza.

Wiki chache baadaye, Timoth alikuwa kwenye mashine pamoja na wagonjwa wengine.

"Baba Ema, leo chooni vipi?"

"Mama Ema, mbele za watu!"

"Nimekuuliza."

"Hakuna damu."

"Sikusikii."

"Hakuna damu!" Timoth alipaza sauti.

Chumba kizima kikapiga makofi.