Rangi Iliyotoka Kwenye Gauni

Gauni lilikataa rangi. Liliingia kwenye sufuria likiwa la kijivu, likakorogwa katika maji ya moto yenye rangi ya zambarau ya dukani, chumvi na siki, likatoka limeiva vizuri. Lakini lilipowekwa kwenye kamba uani lilianza kuurudia ujivu wake, kuanzia kolani mpaka pindoni, na rangi yote mpya ikadondoka chini tone kwa tone. Fundi aliweka mikono kiunoni akalitazama. Hakuzoea kudharauliwa na nguo.

Wateja walimwita Mfufuaji, nusu utani, nusu heshima. Ukimletea shati lililolika kola, aliitoa kola, akaigeuza upande ambao haujalika, akaishona tena, nawe ukaondoka ukijidai. Suruali nyeusi iliyochujuka aliisuuza kwenye kahawa nzito. Chuma cha mkanda alikisugua kwa dawa ya meno, na viatu vyenye mikwaruzo alivipitishia ganda la ndizi mpaka vikang'aa. Wala hakuwa mchoyo wa maarifa hayo. Alimweleza kila aliyeuliza, watu wakaenda kujaribu nyumbani, wakaharibu, wakarudi kwake na vichwa chini.

Hakutupa kitu. Katika kazi hiyo kinachobaki mezani ni cha fundi, na hakuna mteja anayelalamika: kipande cha kitambaa, lesi, vifungo, uzi, hata maji ya rangi yaliyobaki kwenye sufuria aliyatumbukizia nguo nyingine iliyofifia. Mume wake, mwokaji mikate, alikuwa akisema kwamba siku akikatika kidole, mkewe atakitafutia mtu mwingine wa kumshonea. Binti yao wa pekee alicheka mpaka akapaliwa, kibonyeo kikimtokea kwenye shavu la kushoto, kila aliposikia utani huo. Walimwita Kiberiti, kwa sababu alikuwa mwembamba na hakuchukua muda kuwaka. Nyumba nzima iliendeshwa kwa sauti yake.

Mwenye gauni lile alikuwa amekuja asubuhi moja, Kiberiti akiwa shule. Alikuwa mwanamke mrefu, msemaji mzuri, lakini sura yake ilimfanya Mfufuaji amvutie kiti haraka. Alionekana kama kitu kilichofuliwa kupita kiasi. Midomo, mashavu na mboni za macho, vyote vilikuwa na rangi moja, nayo haikuwa rangi hasa. Mfufuaji alidhani ni mgonjwa, akamhurumia. Gauni lenyewe ndilo lililokuwa na uhai: zambarau nzito ambayo hata yeye hakuwahi kuiona, ila imechakaa viwikoni na pindoni.

"Lifanye jipya," alisema yule mwanamke. "Lakini chochote kitakachotoka humo ni changu. Nirudishie chote."

"Usijali, dada yangu," alijibu Mfufuaji, naye jicho lilishaangukia kwenye lesi ya shingoni.

Alifanya kazi kama alivyoifanya siku zote. Lesi aliitoa akaizungushia mkoba wa jirani. Vifungo alivitia kwenye shati la mumewe. Kisha, ili rangi mpya ishike sawasawa, alivaa glavu zake za mpira, akalichemsha gauni kwa magadi kuitoa ile rangi ya zamani. Ilitoka yote kwa mara moja. Gauni lilibaki jivu tupu, na maji yakawa mazuri kiasi kwamba roho ilimuuma kuyamwaga. Kiberiti aliporudi shule maji yalikuwa yamepoa, na kigauni chake cha kuchezea, kilichochujuka siku nyingi, kilikuwa kando kikisubiri.

"Mama, naomba nikoroge mimi!"

"Koroga. Usinirushie tu."

Mtoto akaingiza mikono mpaka viwikoni, bila glavu, akicheka. Kigauni kikatoka cha zambarau, kizuri kuliko kipya. Nayo mikono ya Kiberiti ikatoka hivyohivyo. Mama yake alimwambia itatoka kwa sabuni.

Haikutoka kwa sabuni. Haikutoka kwa limau na chumvi, wala kwa mafuta ya taa. Na lile gauni, kama ulivyosikia, lilikuwa limeanza kukataa kila rangi liliyopewa, na mbaya zaidi lilikataa kukauka. Jua la mchana kutwa lilipita juu yake, lakini kwapani lilibaki na unyevu, na unyevu huo ulikuwa wa vuguvugu. Mfufuaji aliugusa akauondoa mkono haraka. Alilitundika kwenye chumba cha kazi, akafunga mlango, akajiambia kwamba ni hali ya hewa.

Jioni hiyo mwokaji alikuwa akila, akaweka kijiko chini.

"Mama Kiberiti, una mteja humo ndani?"

"Mteja gani saa hizi?"

"Basi ni nani anavaa nguo?"

Walisikiliza. Nyuma ya mlango kitambaa kilikuwa kikipita juu ya mwili, kile kishindo kidogo cha mtu anayeingiza kichwa kwenye gauni, kisha pumzi, kisha kitambaa tena, kana kwamba mtu anavaa, anavua, anavaa. Harufu ikatokea chini ya mlango, ya maji ya maua yaliyosahaulika chomboni. Mwokaji alipiga moyo konde akaufungua mlango. Gauni lilikuwa kwenye kibanio chake, limetulia, na chini yake sakafu ilikuwa imelowa.

"Hamwezi kumwona," alisema Kiberiti kutoka mezani. Hakuwa na woga wowote. "Anatafuta mikono yake."

Mfufuaji akaenda kuchutama mbele yake.

"Nani, mwanangu?"

"Mwenyewe. Kaniambia nisisugue tena. Anaumia."

Usiku huo walimvua mtoto kigauni cha zambarau kwa nguvu, maana alikuwa hataki kukivua. Asubuhi walimkuta amekivaa. Rangi ya mikononi ilikuwa imevuka viwiko inapanda mabegani, na mahali ilipopita ngozi ilikuwa na unyevu, ule ule wa vuguvugu. Na Kiberiti, ambaye kumnyamazisha kulikuwa kazi ya watu wawili, alikaa kimya mpaka saa ya kwenda shule. Mama yake hakumpeleka. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na kuanzia asubuhi hiyo alijua kwamba kuna mtu amekuja kumchukua.

Jirani ndiye aliyemleta bibi wa dawa, kwa sababu naye yalikuwa yamemfika: mkoba wake wenye lesi mpya ulikuwa ukikutwa wazi kila alfajiri, kila kilichokuwamo kimemwagwa, kana kwamba mtu alikuwa akipekua. Bibi huyo alikuwa mfupi, mkali, anayevaa viatu vya raba, na hakuwa na muda wa salamu ndefu. Alinusa mlangoni akasimama hapohapo.

"Nani kawaletea jini huyu?"

"Hakuletwa, bibi," alisema Mfufuaji kwa sauti ya chini. "Alikuja mwenyewe. Mteja."

"Akasema nini? Niambie maneno yake, usiniongezee."

Mfufuaji alimwambia. Bibi alivua viatu, akaingia mpaka kwenye gauni, akalinusa.

"Wengine hukaa kwenye mti, wengine kisimani. Huyu anakaa kwenye rangi ya nguo. Ulipoitoa rangi ulimtoa yeye. Haya, leteni chake chote, hata uzi."

Walikusanya. Jirani alifumua lesi, mwokaji akavikata vifungo vya shati lake kwa kisu cha mkate, Mfufuaji akapekua kapu la makapi mpaka nyuzi za pindo zikapatikana. Bibi aliweka sufuria ile ile kwenye moto, akatumbukiza gauni na kigauni cha Kiberiti pamoja, akaanza kusoma dua zake huku akikoroga. Na mbele yao wote rangi ilihama. Ilitoka kwenye kigauni, ikaelea kidogo, ikaingia kwenye gauni, ikapanda pindoni, kiunoni, kifuani. Mwokaji alianza kulia kwa furaha bila aibu. Mfufuaji alimshika bibi miguu.

"Ngoja kwanza," bibi alimwambia. "Usinishukuru."

Alilinyanyua gauni kwa mti wa kukorogea. Lilikuwa zambarau kote, zuri la kutisha, isipokuwa mikono. Mikono ilikuwa ya kijivu, kutoka begani mpaka kiganjani. Wote wakageuka kumtazama Kiberiti, aliyekaa kwenye kigoda na mikono yake miwili mapajani.

"Iliyoingia kwenye nguo nimeirudisha," alisema bibi, na ukali wote ulikuwa umemtoka sautini. "Iliyoingia kwa mtoto siiwezi. Nikiivuta, haitatoka peke yake. Nisamehe, mwanangu. Hapa ndipo mkono wangu unapofika."

Alivaa viatu vyake vya raba akaondoka, hata maji hakunywa.

Mfufuaji hakukata tamaa mara moja. Alifanya yote aliyoyajua kwa nguo: siki, magadi, maziwa yaliyoganda, chumvi ya mawe. Alisugua mpaka Kiberiti akalia, na pale alipolia, chumba cha kazi nacho kililia, kwa sauti hiyo hiyo, pumzi kwa pumzi. Akaacha. Alimkumbatia binti yake, akamwimbia nyimbo za utotoni, akamwahidi mambo asiyoweza kuyatimiza, huku upande wa pili wa mlango matone yakidondoka.

Mwanamke alikuja kuchukua gauni lake mchana kweupe, watu wakipita barabarani, muuza maji akipiga kengele yake. Mfufuaji alikuwa amemficha Kiberiti chumba cha ndani na baba yake amekaa mlangoni. Alilikunja gauni ili mikono isionekane, akaliweka mezani na lesi yake, vifungo vyake na nyuzi zake.

"Tayari, dada yangu. Kila kitu kiko hapo."

Mwanamke hakulikunjua. Aliweka tu kiganja juu yake, kiganja kile kisichokuwa na rangi.

"Mikono bado," alisema.

"Nichukue mimi." Mfufuaji alipiga magoti, na maneno yakamtoka bila mpangilio, kwamba kosa ni lake, kwamba mtoto hakujua lolote, kwamba ndivyo mafundi wote wanavyofanya, kwamba alikuwa na mikono miwili mizima iliyofanya kazi maisha yake yote na ilikuwa hapo mbele yake, aikate, aichune, aivae, afanye nayo anavyotaka, ili mradi asimguse yule wa ndani. "Nichukue mimi, nakuomba."

Mwanamke alimtazama kwa huruma. Hilo ndilo Mfufuaji hakuweza kulisahau baadaye, kwamba ilikuwa huruma ya kweli.

"Wewe ulivaa glavu," alisema.

Mlango wa ndani ulifunguka. Mwokaji alikuwa amekaa palepale alipowekwa, macho wazi, akijitahidi kunyanyua mkono na mkono haunyanyuki, na Kiberiti alikuwa amempita. Alitembea mpaka mezani, akalikunjua gauni mwenyewe kwa adabu, kama alivyofundishwa kuzishika nguo za watu, na mama yake, ambaye magoti yake yalikuwa yameganda sakafuni na ulimi wake umekuwa mzito kinywani, alimwona akiingiza mkono wa kulia kwenye mkono wa gauni, kisha wa kushoto, akaiona zambarau ikishuka kutoka mabegani mwa mtoto na kuingia kwenye kitambaa, yote, mpaka kwenye kucha, akawa anaomba moyoni iishie hapo, iishie hapo tu, na haikuishia hapo, kwa sababu nyuma ya zambarau ilifuata rangi ya ngozi yake, na nyuma ya hiyo weusi wa nywele zake, na wekundu wa ulimi wake, na mboni zake za macho.

Kisha ikaisha. Mwanamke alilivaa gauni lake palepale. Alikuwa na midomo sasa, na mashavu, na macho meusi yenye kung'aa, na alipotabasamu kibonyeo cha Kiberiti kilijitokeza kwenye shavu lake la kushoto.

"Umelifanya jipya kabisa," alisema, akatoka nje juani. Muuza maji aligeuza shingo kuutazama uzuri wake.

Bibi wa dawa alikataa kurudi. Jirani alihama. Kiberiti hakufa, alikula, alilala, alijibu alipoitwa, lakini kila siku alizidi kuchujuka. Kwanza kivuli chake kilipotea ukutani. Halafu ikawa unaweza kuona maua ya shuka kupitia mkono wake. Mfufuaji alifunga kazi, na kutwa nzima alikaa kando ya kitanda akimpaka mtoto mafuta, akimvalisha nguo za rangi kali, nyekundu, manjano, na ndani ya nguo hizo alizidi kupungua. Watu walioendelea kuja kugonga na mashati yao aliwarudisha mlangoni. Mwokaji alikuwa akienda kazini bila kuaga, kwa sababu hakujua tena aelekeze uso wapi.

Jioni moja Mfufuaji alileta uji, akakaa pale alipokaa kila siku, akatazama mto, na shuka, na kigauni kilicholala juu ya shuka.

"Mama," ilisema sauti, ndogo, karibu sana na uso wake. "Mbona siku hizi huniangalii?"

"Nakuangalia, mwanangu," alijibu Mfufuaji, akinyoosha kijiko mbele yake, akisubiri kuona kama kutatokea kinywa cha kukipokea. "Nakuangalia."