Zindiko la Distributa

Jioni moja ya Machi, mwaka 1976, Bartholomeo Kalinga alitoka nyumbani kwake Ilomba kwa miguu huku gari lake likiwa uani, zima, lina petroli. Alikuwa anakwenda dukani kwa Isakwisa, kule barabara kuu, kutafuta kipande cha mpira wa tyubu cha kufunikia distributa, kile kifaa cha injini kinachogawa moto kwenye plagi, ili unyevu usiifikie. Manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu adhuhuri. Mtu wa kukubali kulowa mwenyewe mpaka mifupani ili distributa ibaki kavu, Mbeya nzima alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo.

"Baba Juliana," mkewe Benedicta alimwita kutoka mlangoni. "Mtoto anazidi kuchemka. Tumpeleke hospitali leo."

"Kesho asubuhi, mvua ikikatika. Mpe kidonge, mfunike vizuri."

"Gari si ipo?"

"Gari haitoki na mvua hii, Mama Juliana. Ile kitu ikiingia maji ndiyo basi tena."

 Benedicta alirudi ndani alikolala Juliana, mtoto wao wa pekee, aliyepatikana baada ya miaka tisa ya kungoja na kusemwa na mawifi. Alikuwa na miaka sita. Bartholomeo alimpenda yule mtoto, na asitokee mtu wa kubisha. Ila alikuwa na tabia moja mbaya: kitu akishakipenda, alikikumbatia hadi akasahau vingine vyote, na mwezi ule kilichokumbatiwa kilikuwa distributa.

Gari lenyewe lilikuwa Zephyr ya mwaka 1957, kuukuu lakini inang'aa, aliyoachiwa na mkulima mmoja wa kahawa aliyerudi kwao Uingereza. Kila asubuhi ya baridi liligoma kuwaka. Ndipo fundi wake, Liberatus, akamwekea distributa mbili juu ya benchi ili achague.

"Hii ya kawaida, ya pointi," Liberatus alisema. "Ukikwama Igawa pointi zimeungua, unazisugua na msasa wa kiberiti, unaendelea na safari. Hii nyingine ya elektroniki, dereva wa lori kanitolea Lusaka. Haina pointi za kuungua. Moto wake mkali, baridi yetu haiiwezi. Lakini ikigoma imegoma, na wezi wakijua unayo hawalali. Mimi ningekuwa wewe ningechukua ya pointi."

Bartholomeo alikuwa ameshaishika ile ya elektroniki.

Gari likawa linawaka kwa mguso mmoja. Furaha yake ilidumu siku mbili, kisha hofu ikaingia. Kila jioni alifungua kifuniko, akachomoa rota, kijipande cha ndani ambacho bila hicho gari haliwaki, akalala nayo chini ya mto, na funguo akazifunga kiunoni. Usingizi haukuja. Mwezi ule magari mawili ya mtaani kwao yalikuwa yamenyofolewa vyuma usiku. Mwishowe aliifungua distributa, akaiviringisha ndani ya fulana, akapanda basi hadi Usangu kwa Nkuba.

Nkuba alikuwa Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Sifa yake ilikuwa moja: ng'ombe aliowazindika hawaibiki. Mwizi akiwaswaga, alizunguka nao palepale usiku kucha akidhani anakwenda mbali, mpaka mwenyewe aje amkute.

"Mimi nafunga ng'ombe," Nkuba alisema akiigeuzageuza distributa mkononi. "Chuma sijawahi. Lakini haya. Nyumbani uko na nani? Sisi watu wote wa nyumba wanaleta mikono, wanapakwa dawa, ng'ombe ziwajue. Mke, watoto, mashemeji, wote."

Bartholomeo alikuwa katibu wa kigango kanisani. Benedicta akisikia ameenda kwa mganga, nyumba isingekalika. Halafu lilikuwapo jambo lingine ambalo hakulisema hata moyoni: hakutaka mkono wa mtu mwingine uguse kile chuma.

"Niko peke yangu," alisema.

Nkuba alimtazama sana.

"Huna mtu?"

"Sina."

Mkono mmoja ukapakwa dawa. Ilikuwa nyeusi, ya mafuta, na ilinuka moshi wa samadi ya ng'ombe.

"Ukimkuta anazunguka," Nkuba alinong'ona, "piga bodi kwa kiganja. Sema, huyu ni wangu, apite. Fanya hivyo kabla giza halijaingia. Giza likimkuta humo ndani... hapo mimi sijui."

Distributa aliirudisha garini, na tangu siku ile Bartholomeo alilala fofofo. Rota aliiacha mahali pake. Funguo alizitundika kwenye msumari karibu na mlango, peupe kabisa. Kusema kweli, alitamani mwizi aje.

Jioni ile ya manyunyu, Isakwisa alimkatia kipande cha tyubu, wakaongea kidogo kuhusu mvua, na Bartholomeo akashika njia ya mkato kurudi nyumbani. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani. Kulikuwa bado na mwanga, mwanga ule wa kijivu wa saa kumi na mbili, mtu unamwona umbo lakini sura huipati.

Akafika pale njia ya kwao inapogawanyika. Mkono mmoja unakwenda barabara kuu na hospitali. Mkono mwingine ni kijia cha matrekta kinacholizunguka shamba la mahindi na kurudi palepale.

Akasikia injini.

Aliijua. Haikukohoa hata mara moja. Moto mkali, safi, kama Liberatus alivyosema. Zephyr yake ikatokea kwenye ukungu, taa zimewashwa, ikafika kwenye njia panda... ikakata kushoto. Ikayazunguka mahindi. Ikapotea.

Bartholomeo alisimama mdomo wazi. Moyo ulimdunda, kwanza kwa woga, kisha kwa furaha. Hewani pale lilipopita gari hapakuwa na harufu ya petroli. Palinuka moshi wa samadi.

Injini ikarudi. Gari likatokea tena, mwendo uleule, likakata kushoto palepale.

"Nimekupata," Bartholomeo alinong'ona.

Vioo vilikuwa vimejaa mvuke. Alichokiona ni kofia ya sufu ya dereva, mwanamume, amekaa wima, anatazama mbele. Dereva hakugeuka. Alikuwa akiendesha kama mtu anayejua aendako.

Ilikuwa ni kupiga hatua kumi tu na kuweka kiganja kwenye boneti. Bartholomeo alilijua hilo. Lakini alikumbuka usiku mwingi aliokosa usingizi, na hasira zikampanda. Aachiwe upesi hivi, si kesho atarudi? Wacha azunguke. Wacha ajute kuzaliwa. Akapanda juu ya kifusi cha moramu kando ya njia, akaketi, akawasha sigara, akaanza kuhesabu.

Mzunguko wa tatu. Wa nne. Kila gari lilipopita mbele yake alicheka kwa sauti. Mara moja hata alilipungia mkono.

Mzunguko wa saba, mwanga ukaanza kukatika. Mahindi yakawa meusi. Vyura wakaanza kulia kwenye mfereji, kisha gari lilipokaribia wakanyamaza wote kwa pamoja. Hilo hakulipenda. Aliizima sigara. Akajiambia, mizunguko miwili mingine, basi.

Wa nane.

Wa tisa.

Wa kumi alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali, lakini gari likampita kabla hajashuka. Giza lilikuwa limeingia. Hakuona lilipoingia.

Likaja mara ya kumi na moja, polepole, taa zake zikimulika manyunyu. Lilipokuwa sambamba naye, kioo cha nyuma kilifutwa kutoka ndani.

Kilifutwa na mkono mdogo.

Nyuma ya kioo ulikuwapo uso wa mtoto, umeegemea, macho makubwa yanamtazama moja kwa moja.

Juliana.

Bartholomeo hakujua alivyoshuka kwenye kile kifusi. Alianguka, akainuka, akakimbia, akaruka mbele ya taa. Akapiga boneti kwa kiganja hadi mfupa ukamuuma.

"Huyu ni wangu!" alipiga kelele. "Wangu! Wote wangu! Wapite!"

Gari likasimama.

Dereva akateremsha kioo. Alikuwa Kasian, kaka yake Benedicta, dereva wa misheni kule Iringa.

"Kamwene, shemeji! Umetokea wapi?" Kasian aliuliza. "Nimefika na basi kuwasalimia, nikakuta mtoto hali mbaya. Nikaona funguo ziko ukutani. Tumetoka nyumbani sasa hivi..." Akakatiza maneno, akatazama nje. "Mbona giza limeingia ghafla hivi?"

Nyuma, Benedicta alikuwa amempakata mtoto. Mdomo wake ulikuwa unasali bila sauti. Bartholomeo alifungua mlango, akaushika mkono wa Juliana. Ulikuwa na joto bado. Vidole havikumshika.

"Endesha," alisema.

Safari hii gari lilikwenda moja kwa moja hadi barabara kuu na hospitali, dakika tano. Muuguzi alimpokea mtoto mbio, akaingia naye chumbani. Saa mbili usiku alitoka, akavua kofia yake kwanza ndipo akasema. Benedicta alikaa chini palepale sakafuni.

"Degedege ilikuwa imempanda muda mrefu," muuguzi alisema taratibu. "Mngekuwa mmefika hata saa moja kabla..."

"Tumekuja moja kwa moja," Benedicta alisema. "Muulize kaka yangu. Mara tu alipofika tumetoka. Taa za hospitali tulikuwa tunaziona mbele yetu muda wote."

Kasian alitikisa kichwa kukubali. Bartholomeo alitazama ukuta. Pale ukumbini ni yeye peke yake aliyejua ile saa imekwenda wapi, maana aliihesabu kwa vidole vyake mwenyewe, huku akicheka.

Walimzika Juliana kijijini kwa akina Kalinga, nje kidogo ya Iringa, kwenye mvua. Baada ya arobaini Bartholomeo alirudi Usangu. Nkuba hakuwapo, alikuwa amehamisha ng'ombe kufuata majani. Alimkuta mkewe, Regina, akikamua. Alimweleza yote, tena akilia, mbele ya mwanamke asiyemjua.

Regina hakuacha kukamua.

"Baba, dawa haijui mwizi," alisema mwishoni. "Inajua waliotajwa. Wengine wote kwake ni wageni."

"Sasa nifanye nini?"

"Giza liliwakuta ndani?"

Bartholomeo aliitikia kwa kichwa. Regina akamsukumia kibuyu cha maziwa, akaondoka kwenda kwa ndama, na hakurudi.

Liberatus, kwa upande wake, alisema ni ukungu tu. Kasian hakuzijua njia za Ilomba, vioo vimejaa mvuke, mtu anaweza kuzunguka shamba mara kumi asijue. Inawezekana. Bartholomeo alijaribu sana kuamini hivyo. Distributa aliifungua mwenyewe, akaenda nayo hadi daraja la mto akaitupa, na Zephyr ikabaki uani ikiota kutu.

Lakini haikuwa distributa iliyomnyima usingizi tena. Ilikuwa Benedicta. Kila jioni, manyunyu yakianza, yule mama alikuwa akikaa jikoni na kuanza upya.

"Ni mimi niliyechelewa," alikuwa akisema. "Kasian alisema twende, mimi nikatafuta kanga ya kumfunikia. Nikarudi kufunga mlango. Labda ni hiyo kanga. Ningeiacha, tungewahi. Eti, Baba Juliana?"

Na kila jioni Bartholomeo alijiambia, leo namweleza. Aliyapanga maneno yote. Nilikwenda kwa mganga. Nilisema sina mtu. Nilikaa juu ya kifusi nikawatazama. Angeyasema, mkewe angemchukia mpaka kufa, lakini angeacha kujilaumu kwa sababu ya kanga. Alifungua mdomo. Akakohoa. Akaomba chai.

Jioni moja ya Mei, Benedicta hakuanza na kanga. Kuni zilikuwa mbichi, zinafoka moshi, na macho yake yalikuwa yanachuruzika.

"Kuna kitu sijakuambia," alisema kwa sauti ya chini. "Njiani mtoto alikuwa anaweweseka. Kila mara anainua kichwa. 'Mama, baba yule pale.' Namwambia lala, baba yuko dukani. Anatulia. Mara tena, 'Mama, baba yule pale.' Mara nyingi sana... sijui ni mara ngapi, kwa njia fupi ile. Nikamuuliza, anafanya nini huyo baba? Akasema, 'Anatucheka.'"

Bartholomeo hakusogea.

"Ilikuwa homa tu," Benedicta alisema, akimtazama usoni, akimsihi. "Eti? Ilikuwa imempanda kichwani."

"Ndiyo," Bartholomeo alisema. "Ilikuwa homa."