Milimita za Jumamosi

Kila asubuhi, saa tatu kasoro dakika chache, Nyanchera aliomba ruhusa darasani akatoka mbio hadi nyuma ya ofisi ya walimu. Huko, ndani ya ua mdogo wa waya, kilisimama kipimamvua: mkebe wa shaba uliong'aa kuliko kitu kingine chochote katika shule ile ya mlimani juu ya Kebirigo. Alimimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akainama macho yalingane nayo, kisha akaandika milimita daftarini. Kazi hiyo hakuwa tayari kumwachia mtu hata kwa kubembelezwa. Kwao palikuwa karibu, kwa hiyo hata Jumapili alikuja.

Mwalimu Nyasani wa jiografia, aliyetuma nakala ya daftari lile kwa idara ya hali ya hewa kila mwisho wa mwezi, alilionea fahari. "Tazameni," aliwaambia wanafunzi, "mwaka na zaidi, hakuna pengo hata moja!"

Nyanchera alitabasamu, lakini alijua mapengo yalizibwa na nini. Kwao walikuwa Wasabato. Jumamosi mama yake, Bosibori, hakuruhusu hata jembe lisogezwe, na Nyanchera aliamua mwenyewe, bila kumwuliza mtu, kwamba kupima mvua ni kazi. Basi Jumapili alikuta maji ya siku mbili, akayagawa nusu kwa nusu, akaandika. Nani angejua?

Mei 1998, miezi michache baada ya ile mvua ya El Nino, gari liliingia shuleni. Alishuka mwanamke mwembamba aliyevaa gambuti, akasalimu kwa Ekegusii, "Bwakire!" Watoto wakacheka kwa furaha. Alikuwa Megha, injinia, binti wa Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Kisii. Mbele ya darasa la saba alitandaza karatasi pana.

"Hii imechapishwa katika nchi ya mbali sana, ambako mito huganda kuwa barafu," alisema. "Nukta hii ni shule yenu. Na hivi vijiti ni mvua yenu, siku baada ya siku."

Nyanchera alisogea, mwili ukamsisimka. Tarehe tisa Machi, milimita kumi na saba. Hiyo aliiandika yeye, kwa penseli iliyotafunwa, na watu asiowajua, wenye lugha asiyoijua, walikuwa wameisoma na kuiamini. Hakuwahi kufikiri kwamba dunia ni kubwa hivyo, wala kwamba na yeye yumo.

"Mbona wanajali mvua yetu, Madam?" aliuliza Masese, jirani yake wa dawati.

"Viwanda vyao vimechoma makaa na mafuta miaka mingi, na moshi haujui mpaka. Hewa ya dunia nzima inapata joto. Mwaka wa tisini na mbili serikali zilikutana, nchi tajiri zikakubali kuzisaidia nyingine. Nchi iliyochapisha karatasi hii imetoa pesa, na sisi tutajenga kivuko pale mtoni."

Darasa lililipuka kwa makofi. Magogo ya kuvukia yalikuwa yamesombwa na El Nino, na tangu hapo watoto wa darasa la kwanza walibaki nyumbani kila iliponyesha.

"Maji yatapita chini, kwenye mabomba ya saruji," aliendelea Megha. "Siku yenu ya mvua kubwa kabisa ilikuwa milimita sitini na moja. Mabomba mawili yatatosha. Nayaagiza kesho."

Nyanchera alivitafuta vijiti vya Novemba kwenye karatasi. Alikumbuka Ijumaa moja ya mwezi huo. Mvua ilinyesha tangu adhuhuri hadi alfajiri, kisha Sabato nzima jua likawaka. Jumapili alipima milimita tisini na sita. Akaandika arobaini na nane, na tena arobaini na nane.

Akinyamaza, angebaki kipenzi cha Mwalimu. Lakini aliwaona wale wadogo juu ya kivuko, maji yakipanda. Akainua mkono.

"Madam, usiagize. Nambari zangu za Jumamosi ni za uongo."

Akaeleza yote huku machozi yakimtoka. Mwalimu Nyasani aliketi polepole. Megha hakufoka, alichukua kalamu, akapiga hesabu pembeni mwa karatasi ile nzuri, akairudia.

"Mawili yangezidiwa," alisema hatimaye. "Maji yangepita juu na kubomoa kivuko. Tunahitaji matatu."

Jioni Nyanchera alimwambia mama yake, akitarajia fimbo. Bosibori alimkazia macho. "Kwani Sabato ng'ombe hatumkami?"

"Tunamkama, Mama."

"Sasa bilauri ya maji imekuwa jembe? Ungeniuliza, mwanangu. Kuni za wiki hii ni zako zote. Na Jumamosi utapita shuleni kabla ya kanisa."

Aprili iliyofuata masika yalishuka kwa kishindo. Asubuhi moja shule nzima ilisimama ukingoni ikiduwaa. Maji mekundu yalinguruma ndani ya mabomba yote matatu, yakiwa karibu kuyajaza, na juu yake watoto wa darasa la kwanza walivuka wameshikana mikono. Nyanchera aliwahesabu mmoja mmoja hadi wa mwisho akafika ukingo wa pili.

"Pesa zilitoka ng'ambo," Mwalimu Nyasani aliwaambia wanafunzi, "na saruji ikatoka Kisii. Bomba la tatu lilitoka kwa mtoto aliyekubali kuaibika mbele yetu. Usipopima, andika kwamba hukupima. Neno unaloliandika leo, kesho kuna mtu atakayelikanyaga akivuka."