Kiti cha Mbele

Rafiki yangu mmoja ni fundi bomba, na maneno yake hutoka kwa matone. Hili alinisimulia mara moja tu.

Mwezi mmoja baada ya kumzika mkewe, aliwapakia binti zake wawili garini wakazunguke kisiwa kimoja cha kaskazini, safari aliyoipanga marehemu. Walipita mashamba, wakapita majabali ya pwani, na hakuna aliyesema “tazama”. Mioyo ilikuwa imekufa ganzi.

Mchana mmoja wakaingia kwenye handaki refu la mlimani. Taa zake zilikuwa zimezimika. Gizani, kengele ya kumkumbusha abiria afunge mkanda ikaanza kulia: ti, ti, ti. Ilikuwa ya kiti cha mbele, kando yake, ambacho hakikuwa na mtu wala mzigo.

“Baba, inaniumiza masikio,” mdogo akalalamika kutoka nyuma.

“Si umfungie tu?” akasema dada mtu.

Baba akanyoosha mkono, akauvuta mkanda, akaufunga. Kengele ikanyamaza. Anasema hata hakuogopa. Aliendelea kuendesha tu.

Walipotokeza kwenye mwanga, akageuka kutazama. Mkanda haukuwa umelalia kiti. Ulikuwa umetuna kwa mbele, ukipanda na kushuka, taratibu.