Mwanamke wa Kwenye Kioo

Walikutana waking'ang'ania jora la kitambaa cheusi.

Saa tano asubuhi, duka la vitambaa limejaa mpaka watu wanapumuliana visogoni. Upande mmoja wa jora umeshikwa na mwanamke mwembamba mwenye suruali ya jinzi na koti la mifuko mingi. Upande wa pili yuko mwanamume wa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kola ikasimama, kiunoni kaning'iniza futi ya kupimia kama fundi seremala.

"Kaka, hiki nimekishika mimi kwanza."

"Umekishika, hujakinunua."

"Nataka mita ishirini."

"Mimi nataka ishirini na tano. Haya, nani zaidi?"

Mwenye duka, mama mtu mzima, akawatazama kwa huruma. "Wanangu, msigombane kwa wakati kama huu. Poleni sana na msiba. Marehemu alikuwa nani kwenu?"

Wakatazamana.

"Mama, hakuna aliyekufa," mwanamke akasema. "Mimi napiga picha za tamthilia. Naziba madirisha, nataka mchana uonekane usiku."

Mwanamume akaliachia jora, akacheka mpaka akajishikilia kwenye meza. "Na mimi nimetumwa cha kuzibia madirisha! Kampuni nyingine, kazi ileile. Kumbe tunagombea giza."

"Basi tugawane."

"Na namba ya simu, nayo tunagawana?"

"Hiyo haiuzwi kwa mita," akajibu. Lakini kabla kitambaa hakijakatwa, alikuwa amekwisha kuitaja namba yote, tena taratibu, asije akakosea kuiandika.

Mwanamke huyo alikuwa mpiga picha mkuu, na watu wa kazi walimwita Bi Kivuli, kwa kuwa alipenda nusu ya uso wa mwigizaji ikae gizani. Mwanamume walimwita Futi. Kazi yake ilikuwa fokasi. Hupima kwa futi umbali kutoka lenzi hadi kwenye jicho la mwigizaji, kisha kamera ikianza huzungusha gurudumu dogo ubavuni mwake ili uso usiingie ukungu mwigizaji akisogea. Ni kazi isiyo na shukrani hata kidogo. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama ulizaliwa, ukikosea inchi tatu watazamaji wote wanakuona.

Baada ya mwezi Bi Kivuli alimvuta kwenye tamthilia yake. Baada ya miezi miwili walikuwa wanapigiana simu wakiwa hatua kumi tu, kila mmoja na sahani yake ya chakula, wamepeana migongo.

"Bosi, umekula?"

"Usiniite bosi."

"Nikuite nani?"

"Lolote, ila wasisikie."

"Basi laazizi wa kificho."

"Hilo nalipenda. Futa mchuzi kidevuni."

"Umeuonaje, na umenipa mgongo?"

"Mimi naona kwa kisogo. Ndiyo maana nalipwa zaidi yako."

Walipendana, nasema wazi, walipendana kama watu waliochelewa. Ila lilikuwapo doa. Siku moja dada yake mkubwa Bi Kivuli alipiga simu, akasikia mtu anacheka pembeni, akauliza ni nani huyo. Bi Kivuli akajibu, "Mwenzangu wa kazi tu." Futi aliyasikia. Alicheka, lakini kwa meno.

Mama yao alikuwa anaumwa, analala kwa huyo dada. Hilo nalo Bi Kivuli hakumwambia mtu kazini. Alikuwa na imani ya kijinga, na wengi wetu tunayo, kwamba ukishika kazi sawasawa mengine yatakusubiri.

Ikaja siku ya sehemu ya kumi na moja. Walikuwa kwenye nyumba ya kukodi, na mwenye nyumba aliitaka saa kumi na moja jioni, bila mjadala. Picha ya mwisho ilikuwa mjane anachana nywele mbele ya kioo kikubwa huku akizungumza na marehemu mumewe. Saa tatu asubuhi dada alikuwa amepiga: "Mama amebadilika. Njoo."

"Nikimaliza picha hii moja, dada. Nakuja."

Picha hii moja ikawa ile, ile ikawa nyingine. Saa kumi na dakika ishirini ukaingia ujumbe: mama ametutoka. Bi Kivuli aliusoma, akaitia simu mfukoni, akasema, "Tayari. Tupige."

Kamera ikaanza. Mwigizaji akachana nywele, akaongea, sauti ikamvunjika vizuri ajabu. Bi Kivuli akatoa jicho lake kwenye kamera, akasogea hatua moja pembeni. Machozi yalimshuka kimya, mkono umefunika mdomo. Hakujua kuwa kioo kilikuwa kinamwonyesha, mtu wa nguo nyeusi aliyesimama gizani nyuma ya mjane, ambaye asiyemjua asingetambua kama ni mwanamke au mwanamume.

Futi alimwona. Alimwona kwenye kiskrini chake, na vidole vyake vikalizungusha gurudumu. Uso wa mjane ukaingia ukungu. Kwa muda wa pumzi nne, aliyeonekana wazi alikuwa yule mwanamke wa kwenye kioo. Kisha Futi akazinduka, akamrudia mjane.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na funguo. Nafasi ya kurudia hakuna.

"Wewe!" Bi Kivuli alimfokea mbele ya watu thelathini. "Wewe ni fundi au umeokotwa barabarani? Picha moja! Picha moja tu nilikuomba leo!"

"Nisikilize kwanza..."

"Nisikilize nini? Toka mbele ya kamera yangu!"

Kisha akakaa, akaandika ripoti ya siku, ile inayokwenda kwa kila kampuni inayotaka kujua nani anafaa: *Fokasi imepotea kwa uzembe wa mhusika.* Akataja jina, akatia saini. Ndipo akaenda kwenye msiba wa mama yake. Ndugu walipomuuliza mbona kachelewa, akasema ni foleni ya magari.

Futi alifika msibani kesho yake, na shati lake la pasi. Bi Kivuli alimwona kwa mbali akajificha chumbani, akamtuma dada yake: "Mwambie aondoke." Alikuwa na hasira naye, ndiyo, lakini zaidi alimwogopa. Kati ya wote waliofika msibani, kwa alivyodhani, ni mtu huyo mmoja tu aliyejua yeye alikuwa wapi wakati mama yake anakata roho.

Futi akaondoka. Kazi zikamkauka. Nani atamwajiri mtu wa fokasi aliyepoteza fokasi? Akaishia kwenye duka la miwani, anawapima watu macho.

Miezi saba ikapita. Jumatatu moja kamati ya tuzo za tamthilia ikatangaza watano wanaowania tuzo ya upigaji picha bora, itakayotolewa Jumamosi, na Bi Kivuli alikuwamo. Mwongozaji alikuwa ameiacha ile picha jinsi ilivyo. Majaji waliandika kwamba hawajawahi kuona ujasiri wa namna hiyo: kumwacha mjane afifie ili marehemu atokee kwenye kioo, mwenye kilio, kisha atoweke.

Marehemu! Bi Kivuli, ambaye hakuwahi kuitazama picha ile tangu siku ya msiba, aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama jikoni, akamtambua wa kwenye kioo, akakaa chini sakafuni. Simu zikamiminika, hongera juu ya hongera. Yeye akawa anapiga namba moja tu. Iliita. Iliita tena. Alipiga akiwa kazini, akiwa bafuni, akiwa amejifunika shuka kichwani. Hakupokelewa.

Jumanne akaenda kwenye lile duka la miwani. Alimkuta Futi na koti jeupe, anamwambia mteja asome herufi ukutani. Akangoja kwenye foleni kama mteja. Zamu yake ilipofika, Futi hakuinua uso.

"Jicho lipi linasumbua?"

"Yote mawili. Futi, ni mimi."

"Nimekuona tangu unafungua mlango. Jicho lipi?"

"Kwa nini ulifanya vile siku ile? Nahitaji kujua. Silali."

Akaweka kalamu chini. "Miezi saba ndiyo unauliza?"

"Nauliza."

"Ulikuwa unalia. Nilikuona unalia na hakuna anayekushika. Mkono wangu ukaja kwako, sikuutuma. Ningeweza kuacha kamera nikaja mwenyewe, lakini ulishanikataza wasijue." Sauti yake ilikuwa chini. "Sikujua mama amefariki. Nilijua baadaye, kwa watu. Nikaja, ukanifukuza kama mwizi."

"Nilikuwa naona aibu. Niliitwa saa tatu asubuhi, Futi. Ningeweza kumkuta. Nikabaki na kamera."

Futi alitaka kumshika, na aliona hasira kwa kutaka kumshika.

"Pole," akasema mwishowe. "Lakini aibu yako uliiandika kwa jina langu. Na sasa watakupa tuzo kwa uzembe wangu. Jumamosi utasema nini jukwaani? Utamshukuru nani?"

Nyuma ya Bi Kivuli mzee mmoja akakohoa, akauliza kama foleni imekufa.

Siku mbili Bi Kivuli hakula la maana. Nami sitampaka mafuta, alifikiria kunyamaza. Tuzo ile ilikuwa ndoto yake tangu anabeba nyaya za taa za wenzake. Mtayarishaji alikwisha kumwambia kuwa wakishinda, msimu wa pili umepatikana. Gauni la kijani lilikwisha kushonwa. Lakini kila akifumba macho alimsikia Futi akisema hakuna anayemshika, na alijua kwamba akiipokea tuzo ile, mtu huyo hatamwona tena maisha yake yote.

Alhamisi akapanda ngazi za ofisi ya kamati. Katibu, bibi mmoja mpole wa sauti ya kanisani, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hebu tuelewane. Unasema lile halikuwa wazo lako?"

"Halikuwa wazo la mtu yeyote. Yule wa kwenye kioo ni mimi. Nilikuwa nalia, mtu wa fokasi akanifuata."

"Ukiandika hivyo, sehemu hiyo inatolewa kwenye mashindano. Tuzo ni ya picha iliyokusudiwa. Ukikaa kimya, hakuna atakayejua."

"Yuko anayejua," alisema, akaomba kalamu.

Jumamosi alasiri duka la miwani halikuwa na mteja. Futi alikuwa amewasha televisheni ya ukutani, akijidai hatazami. Hafla ilikuwa imepamba moto, watu wamevaa wakavalika. Mtangazaji akasema, "Na sasa tuzo ya upigaji picha bora wa tamthilia. Wanaowania ni wanne."

Wanne? Futi akageuka, akamkuta Bi Kivuli mlangoni, na lile gauni la kijani na viatu vya kawaida vya kazini.

"Mbona uko hapa? Umefanya nini?"

Akampa karatasi. Ilikuwa ripoti ya siku ileile, imeandikwa upya: *Fokasi ilihama kwa sababu mpiga picha mkuu alikuwa analia. Mhusika hakuzembea. Niliyoandika mwanzo yalikuwa uongo.* Chini palikuwa na orodha ya kampuni zote alizozipelekea.

Futi aliisoma mara mbili. "Na mtayarishaji?"

"Amenitukana matusi mengine nilikuwa siyajui. Msimu wa pili, kama upo, ana mpiga picha mwingine."

"Sasa huna kazi."

"Sina."

"Unataka nikupigie makofi?"

"Sitaki kitu. Nilitaka uisome mwenyewe, usisimuliwe." Akageuka aende zake. Mikono yake ilikuwa inatafuta mifuko ya koti na gauni halina mifuko.

"Ngoja," Futi akasema. "Dada yako umemwambia?"

"Nini?"

"Kwamba hukuwa kwenye foleni, kama nilivyosikia msibani. Umewaambia majaji, umeziambia kampuni. Aliyekaa na mama yako peke yake siku ile hujamwambia."

Hapo ndipo alipovunjika. "Siwezi. Nina dada mmoja tu. Akinikatia simu nabaki na nani?"

Futi akavuta kiti cha wateja, akamkalisha. Akavuta cha pili, akakaa mwenyewe, magoti yao yakigusana. "Piga. Mimi nipo. Sisemi nimekusamehe. Nasema nipo."

Akapiga. Simu ikaita mara tatu.

"Enhe, mdogo wangu. Mbona sikuoni kwenye televisheni?"

"Dada, nimejitoa. Niko na..." Akamtazama Futi. "Niko na mtu ninayempenda. Dada, siku ile ya mama sikuwa kwenye foleni. Uliponiita ningeweza kuja. Nilibaki kazini, napiga picha."

Upande wa pili bomba la maji lilisikika likifungwa.

"Najua," dada akasema.

"Unajua?"

"Nilipiga ofisini kwenu saa saba mchana. Karani akaniambia bado mnapiga picha. Miezi saba nangoja uniambie mwenyewe. Kila ukija nasema leo atasema. Unakunywa chai, unaaga."

"Nisamehe, dada."

"Sijui. Nina hasira na wewe, sikufichi. Nimekasirika peke yangu mpaka nimechoka." Sauti yake nayo ikapasuka. "Njoo nyumbani. Njoo tukasirikiane tukiwa pamoja."

Bi Kivuli alilia kwa sauti, dukani, mchana kweupe, milango wazi. Futi alimshika mabega kwa mikono yote miwili, mbele ya wapita njia, na hakuna aliyemwambia aache.

"Na huyo unayempenda," dada akauliza, "ni yule niliyemfukuza msibani?"

"Ndiye."

"Kabla hajaondoka alizikusanya sahani zote akaziosha. Nikasema moyoni, huyu si mwenzake wa kazi tu." Akavuta pumzi. "Mlete."