Kata ya Mbege Niliyompa Mdogo Wangu

Mdogo wangu Sirili alianguka mara tu baada ya kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, niliyompa mimi, kwa mkono wangu.

Kabla sijainama, shangazi Veronika akapiga kelele:

"Primus kamwekea sumu!"

Jamani mnaosoma... kwetu Uru anayekukaribisha mbege anaionja kwanza, ujue iko salama. Mimi sikuionja. Na siku hiyo tulikutana kugawana kihamba, shamba alilotuachia baba.

Mnaona nilivyokwisha?

"Shangazi, si nilisema daktari kanikataza pombe? Nina presha!"

"Presha gani! Juzi si ulikuwa unabeba mikungu ya ndizi?"

"Presha haiumi, shangazi!"

"Nyamaza, muuaji! Leteni maziwa!"

Mdomo wa Sirili ulishapinda. Mkono wa kulia umelegea kama jani la mgomba juani. Nikasema tumshushe hospitali mjini, binamu zangu wakanishika mikono.

Wakammiminia maziwa... akapaliwa! Wakaongeza!

Saa mbili nzima, mpaka mkewe Loveness akatokea, katoka sokoni.

"Mnafanya nini? Huyu ana presha! Dawa kaacha tangu Pasaka!"

"Kaacha kwa nini?" nikamuuliza.

"Eti dozi imeisha, kapona! Kama malaria!"

Tukamkimbiza. Daktari akapima: 230 kwa 130. Mshipa umepasuka kichwani.

"Kuna presha inayoletwa na ugonjwa mwingine, kama wa figo," alituambia. "Ukitibu huo, inaweza kushuka. Hii ya kwenu ni ile inayojijenga polepole, miaka mingi, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Hakuna kumaliza dozi. Ukiiachia inakula moyo, figo, macho, ubongo. Haya, leteni mikono. Wote!"

Akampima shangazi. Akarudia.

"Mama, una 190. Hujisikii vibaya?"

"Mimi? Mzima kabisa, baba..."

Shangazi akanigeukia, sauti imeshuka.

"Primus... hivyo vidonge vyako, unameza kila siku?"

"Kila siku. Hata nikijisikia mzima."

Nyie mnaosema hamuumwi, kapimeni. Uzima mnaousikia hata Sirili aliusikia asubuhi ile.

Yuko hai. Mkono wa kulia haushiki panga. Mguu anauburuta. Jicho moja halioni vizuri. Maneno yamebaki mawili: "eeh" na "Loveness".

Wanawe anawaita kwa kugonga kitanda.