Mgeni wa Chumba cha Katikati

Kikombe kilirudi na majivu ukingoni, pale mdomo unapogusa. Siti alikigeuza kwenye mwanga wa uani, akakisugua kwa kidole gumba, akajiambia kwamba huyu mgeni wa mumewe ni mvutaji wa kupindukia. Sahani ilikuwa tupu, wali na maharage vimekwisha hata punje. Hilo lilimpa faraja kidogo, maana tangu Pili aondoke hakuna mtu aliyemaliza chakula katika nyumba ile.

Zahoro, mumewe, alikuwa na lori la kubeba mahindi, na nyumba yake hapo Tunduma aliijenga kwa desturi za kwao Tanga. Mbele kulikuwa na baraza ya wanaume, nyuma uani kwa wanawake, na baina yake chumba cha katikati chenye milango miwili, kila mmoja na pazia lake. Mgeni wa kiume akilazwa humo hutokea mbele. Mgeni wa kike hutokea nyuma. Mke hachungulii mgeni wa mume, mume hachungulii mgeni wa mke. Mkono hutoka chini ya pazia, hupokea, hushukuru, basi. Ni adabu nzuri na mimi sina ugomvi nayo, ila safari hii ilimsaidia mtu mwingine.

Jumatatu adhuhuri Siti alikuwa amesikia sauti nzito nyuma ya pazia: "Mama, nimefika. Nina njaa." Akadhani ni mteja wa mumewe, akapitisha chakula. Jioni ile Zahoro alirudi akasikia bangili zikigongana chumbani, na kikohozi cha kike, na harufu ya kitu kinachofukizwa. Akadhani mkewe kapata ndugu kutoka Tanga, akashukuru moyoni kwamba labda sasa atachangamka. Kila alipopita kwenda bafuni alikohoa kwanza ili mgeni ajisitiri. Jumatano alipitisha pakiti ya sukari chini ya pazia la mbele, na siku hizo sukari haikuwa kitu cha kumpa kila mtu.

Kwa nini hawakuulizana? Kwa sababu ya Pili.

Pili alikuwa mtoto wao pekee, na chumba cha katikati ndicho alicholala kabla hajaondoka. Alilelewa kama binti, na ubinti ulimkaa nusu tu. Asubuhi angejifunga kanga akasuka nywele za majirani, jioni angevaa koti la baba yake akapiga soga na madereva, na pote pawili alikuwa na raha mpaka mtu amkumbushe kwamba lazima achague. Zahoro alimkumbusha kwa mkanda. Alipofika miaka kumi na tisa, Pili akaigundua nyumba ya mwisho katika zile nyumba kumi ambazo baba yake alikuwa balozi wake. Humo aliishi mjane wa Kindali aliyeitwa Baba Nesta, ingawa huyo Nesta alitoka tumboni mwake mwenyewe. Kila Jumamosi walikusanyika kwake watu kama kumi: mwanamume aliyejifunga kaniki, mwanamke wa suruali na kiko, na wengine ambao hungejua uwaiteje mpaka wakuambie wenyewe. Walimtumikia pepo wa zamani wa milima ya Ileje, asiye mume wala mke, au ni vyote viwili, wakamwita Babamama. Babu zao walimwacha walipobatizwa. Wao walikuwa wakimkusanya upya, wimbo huku, dua kule, na vazi lake la vitambaa viwili, kaniki na shuka jeupe.

"Mama," Pili alimwambia Siti siku moja, macho yanang'aa, "wale hawakuniuliza mimi ni nani. Waliniuliza kama nimekula."

Zahoro alipopata habari, aliona aibu. Hakwenda kuzungumza na mtu. Alikwenda ofisi ya tawi la chama, akaripoti kwamba nyumba ya kumi inaficha wageni wasioandikishwa, na hapo mpakani, mwaka ule wa pili baada ya watu kuhamishiwa vijijini, hilo lilikuwa neno zito. Mgambo walikuja mchana, naye akiwatangulia. Watu wakatolewa nje, wakapigwa, kisha nyasi za paa zikawashwa. Baba Nesta akarudi ndani kufuata vitambaa vya Babamama, na hakutoka. Ofisini ikaandikwa kwamba ulikuwa moto wa jikoni. Pili akaondoka na wenzake kwenda Ndalambo bila kuaga, na tangu siku hiyo mume na mke walisemeshana yale ya lazima tu: chumvi, ufunguo, mvua.

Alhamisi, Watson, katibu wa tawi, alisimamisha baiskeli yake mbele ya baraza.

"Mulishani, Ndugu Balozi," alisalimu kwa kile Kibemba chake cha mpakani. "Kesho tuna mkutano. Kila balozi alete majina ya wageni. Na wako usimsahau, nimesikia kuna mtu hapa."

"Ni wa Mama Pili. Jina nitakuletea."

Zahoro alikwenda uani, akakohoa mlangoni. Siti alikuwa akikoroga sufuria.

"Mama Pili, nipe jina la mgeni wako."

"Mgeni wangu?" Siti aliweka mwiko chini. "Si mgeni wako, Baba Pili? Huyo mtu wa Ileje."

"Mtu gani wa Ileje? Humo mna mwanamke. Nimempa sukari kwa mkono wangu huu."

"Humo mna mwanamume. Kila nikimpa chakula ananiambia ndaga, kama wanavyoshukuru Wandali."

Wote wawili walitazama chumba cha katikati. Pazia lilikuwa limetulia. Siti alimsogelea mumewe, akanong'ona.

"Mkono wake uliuona?"

"Una bangili."

"Na kucha?"

"Nyeusi," alisema Zahoro. "Nilidhani ni hina."

"Nyeusi," alisema Siti. "Nilidhani ni grisi."

Zahoro alizunguka kwenda mbele na Siti akabaki nyuma, kwa sababu hata katika hofu ile miguu yao ilifuata desturi, na walipovuta mapazia kwa pamoja walijikuta wanatazamana uso kwa uso kupitia chumba kitupu chenye mkeka uliokuwa bado na joto, na juu ya mkeka kaniki na shuka jeupe vimekunjwa vizuri, pindo zake zimeungua, na ile harufu waliyoidhania ubani ikawaingia puani jinsi ilivyo hasa, harufu ya nyasi na nguo na kitu kingine ambacho Siti alikijua na hakutaka kukitaja, na kabla hajapiga kelele ikatoka sauti ya kike nyuma ya mgongo wa Zahoro, kule barazani, na sauti ya kiume nyuma ya mgongo wa Siti, kule uani, zikisema pamoja, taratibu, kama mwenye nyumba anavyowaambia watu aliowangojea siku nyingi: "Karibuni."

Kisasi chenyewe kilianza Ijumaa, na kilimstahili Zahoro. Nitasema hivyo hata ukinikasirikia.

Zahoro alikwenda msikitini mapema ili aombe kwa bidii. Mlangoni kijana mmoja akamzuia kwa heshima, macho chini. "Mama, upande wa kina mama ni kule." Zahoro alicheka akidhani ni utani. Kijana hakucheka. Wazee aliokaa nao miaka kumi na mitano walimpisha njia kwa haya, kama wanavyompisha mke wa mtu. Alifungua kinywa kuwaambia jina lake, na alijisikia kwa sauti yake mwenyewe, lakini wao walimjibu, "Pole, mama, mumeo yuko ndani? Tukuitie?"

Alikimbia nyumbani. Barazani kwake madereva wawili waliokuja kumwona walisimama. "Shikamoo, mama. Balozi yupo?" Akawapita, akaingia uani, na majirani waliokuja kumfariji Siti wakapiga yowe. "Mwanaume huyo! Hata hodi hapigi!" Fagio lilimtua shingoni. Siti naye alimtazama asimjue. Aliona mtu mgeni, mrefu, anayehema, anayemwita Mama Pili kwa sauti isiyo ya mumewe, akashika kisu cha jikoni.

Ni chumba cha katikati tu kilichompokea. Alipojitupa mkekani Siti akachungulia, na hapo ndipo alipomwona Zahoro wake, jasho linamtiririka, anajishika uso kwa mikono miwili.

"Mimi ni nani?" alimwuliza. "Mama Pili, niambie, mimi ni nani?"

"Baba Pili," alisema Siti, akaanza kulia. Akamtoa nje, akamrudisha, akamtoa tena kumjaribu. Nje ya mapazia yale hakuwa mtu wa upande wowote.

Jumapili akaletwa Maalim Yahaya kutoka Nakonde, mtu aliyejulikana pande zote mbili za mpaka kwa kutoa majini. Alifukiza, akasoma, akanyunyizia kombe, maji yaliyooshea aya, pembe nne za chumba. Mchana ulikuwa mweupe, na watoto wa jirani walisikika wakicheza barabarani. Kisha Zahoro akainua kichwa na kinywa chake kikatoa sauti mbili kwa wakati mmoja, ya kike na ya kiume, kila moja ikienda kwa utulivu wake.

"Usichoke bure, Maalim. Sikuvunja mlango. Nimekula hapa siku tatu, kwa mkono wa mume na kwa mkono wa mke, na hakuna aliyeniuliza jina. Mimi ni wa nyumba hii sasa."

"Unataka nini?" Maalim aliuliza.

"Alifukuzwa mtu katika chumba hiki. Mwiteni. Akisema toka, nitatoka mchana huohuo. Akisema kaa, msinifukuze tena."

Maalim alikunja mkeka wake wa kusalia. "Mzee Zahoro," alisema kwa sauti ya chini, "hapa mimi sina kazi. Mtafute mwanao, na ukimpata, usimdanganye."

Siti alipanda lori la mahindi la alfajiri kwenda Ndalambo. Siku mbili Zahoro alikaa chumbani peke yake, kama ungeweza kuita hivyo, maana alipovuta pumzi kuna aliyevuta baada yake, na alipoacha kuvuta ili asikilize, yule mwingine naye aliacha, akangoja, na wakati wote huo joto la jua la mchana liliposhuka kwenye bati alijifunza maneno atakayomwambia Pili, mwanangu hivi, mwanangu vile, akiyapanga na kuyapangua. Aliamini atasamehewa. Wazazi wa namna yake huamini hivyo siku zote.

Pili aliingia kupitia mlango wa mbele, na mama yake kupitia mlango wa nyuma. Alivaa koti kuukuu juu ya kanga. Alikuwa amekonda. Alisimama juu ya baba yake bila shikamoo, na Zahoro, aliyekuwa tayari kuitikia marahaba, akabaki na mdomo wazi.

"Mwanangu," alisema, "sema neno moja tu. Wewe ni damu yangu."

"Niambie kwanza. Baba Nesta aliporudi ndani, ulimwona?"

"Moshi ulikuwa mwingi."

Ile pumzi nyingine chumbani ilikoma. Siti aliisikia ikikoma, akajishika kifua.

"Ulimwona, baba?"

"Nilimwona."

"Mgambo mmoja alitaka kumfuata. Mimi nilikuwa chini, amenikanyaga mwenzake, lakini nilimsikia akisema tumtoe yule mama. Na wewe ukasema neno. Kelele zilikuwa nyingi, sikulisikia. Miezi yote hii nimekesha nikiliwaza. Ulisema nini?"

Zahoro alimtazama mkewe. Siti alitazama pembeni.

"Nilisema mwacheni."

"Kwa nini?"

"Nilidhani..." Alianza kulia, na machozi yalikuwa ya kweli, sitamnyima hilo. "Nilidhani yule akiisha, utarudi nyumbani."

Kwa kitambo Pili alionekana mtoto tena, yule aliyekuwa akilala katika chumba hiki na kufungua milango yote miwili ili upepo upite. "Nakuchukia, baba," alisema. "Njia nzima kutoka Ndalambo nimeomba nisikuchukie. Nilikuwa na neno la kukutoa hapa, nilikuja nalo mdomoni." Aliinama, akaokota kaniki na shuka jeupe, akavitia begani. Kisha akageukia kona ambayo haikuwa na mtu, akaongea nayo kwa upole, kama mtu anavyoongea na mkubwa anayempenda.

"Babamama, kaa."

"Pili!" alipiga kelele Zahoro. Aliushika upindo wa kanga ya mkewe kwa vidole vyote. "Mama Pili, mwambie! Wewe ni mke wangu, mwambie mwanao!"

Siti alimtazama muda mrefu, mtu aliyempikia miaka ishirini na moja. Kisha akavibandua vidole vyake, kimoja baada ya kimoja, bila hasira.

"Mama Pili anakwenda na Pili," alisema.

Mlango wa nyuma ukafungwa, na wa mbele ukafungwa. Jua bado lilikuwa kali. Zahoro aliwasikia wakikutana barabarani, wakicheka kidogo au wakilia, hakuweza kujua, kisha injini ya lori ikawachukua mpaka isisikike. Akajilaza, macho kwenye bati, akijiambia kwamba atatoka, kwamba lazima kuna mtu mmoja Tunduma nzima atakayemtambua. Mkeka ukabonyea kando yake, polepole, kwa uzito wa mtu anayelala chini baada ya kazi ndefu.

"Umesikia," zilisema zile sauti mbili, moja katika kila sikio. "Basi sogea."